Arudi Saa Tatu au Alale Hukohuko?

Sangailu haina klabu, haina disko, haina hata baa ya kulaumiwa. Ni kituo cha wafugaji katika eneobunge la Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa, msitu wa Boni ukiwa upande mmoja na mpaka wa Somalia upande mwingine. Mtu wa Nairobi akisikia kwamba wazazi wa huku nao wanabishana kuhusu usalama wa vijana kwenye sherehe, atauliza: sherehe gani hiyo? Jibu ni harusi. Aroos yenye turubai, jenereta, spika, ngamia aliyechinjwa, ngoma ya buraanbur ya kina mama isiyojua saa, na vijana waliofunga shule ambao hawajaonana muhula mzima.

Mjadala ufuatao nimeupanga mwenyewe. Waliomo sikuwapa majina kwa kuwa hawasimami kwa mtu yeyote mmoja: kuna Mzee wa ukoo, Maalim wa dugsi (madrasa), Mama mwenye duka na mabinti, Muuguzi, Binti wa Mama huyo aliye kidato cha tatu, na kijana wa Bodaboda. Swali mbele yao ni hili: msichana wa miaka 16 na kaka yake wa miaka 17 wameomba kwenda harusi ya jamaa, kituo cha jirani, Ijumaa usiku. Waende? Na wakienda, mzazi afanye nini?

MAALIM: Mimi sisemi harusi ni mbaya. Walima, karamu ya harusi, ni sunna, na jamaa akikualika ni haki yake uitikie. Lakini nikah imefungwa mchana. Chakula kimeliwa alasiri. Mnieleze kijana wa miaka 17 anatafuta nini pale saa nane za usiku. Bwana harusi mwenyewe amekwenda zake.

BINTI: Anatafuta wenzake, Maalim. Mimi nasoma bweni Garissa, yule anasoma Nairobi, mwingine hajasoma, yuko na ng'ombe mwezi wa tatu sasa. Tutaonana wapi tena?

MZEE: Hapo amesema kweli. Na nyinyi vijana msidhani mmevumbua kitu. Sisi tulicheza dhaanto mbugani, wavulana safu yao, wasichana safu yao, mwezi ukiwa juu. Shukaansi ilikuwepo. Kijana alizungumza na msichana, watu wakimwona. Mama mkubwa wa msichana alikuwa hatua thelathini, anajifanya amelala.

MAALIM: Mzee, kuna mambo ya zamani tuliyoyaacha kwa sababu.

MZEE: Tumeacha dhaanto, sawa. Na yule mama aliyejifanya amelala, naye tumemwacha? Siku hizi watu wazima wanakula wali wao wanaondoka, vijana wanabaki na spika.

Nasimama hapa kidogo, kwa kuwa nadhani Mzee amegusa jambo ambalo Maalim hakulijibu. Hoja ya kuwakataza vijana wasiende husikika kama hoja ya kurudi kwenye mila. Lakini mila ya wafugaji haikuwafungia vijana ndani. Iliwakutanisha, ikaweka jicho la mtu mzima karibu. Anayetaka kuondoa mkutano na kuita hilo utamaduni anaficha nusu ya habari.

MAMA: Mimi huwaruhusu. Ila nina sharti moja: saa tatu usiku uwe mlangoni. Dakika moja ikizidi, asinilaumu.

BODABODA: Eeddo, naomba niseme kuhusu hiyo saa tatu.

MAMA: Sema.

BODABODA: Sisi tunaipenda saa tatu kuliko saa yoyote. Ikifika saa mbili na nusu wasichana wanaanza kutoka kwenye turubai mmoja mmoja, wanatafuta pikipiki. Pikipiki ni nne, wasichana ni kumi na watano. Basi wanapanda watatu juu ya moja, buibui zinaning'inia karibu na gurudumu la nyuma. Njia ni mchanga, taa yangu inayumba, fisi anavuka. Namwambia abiria shika vizuri, ananiambia kimbia, mama ataniua. Hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia kila harusi. Na mimi ni mtoto wa hapa, mnamjua baba yangu. Wale wawili wanaokuja na pikipiki wakati wa harusi tu, mnawajua?

MAMA: Siwajui.

BODABODA: Na wao wanaijua saa tatu yenu.

MZEE: Kuna pia jambo la barabara yenyewe. Huku si Nyeri. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Septemba mwaka huohuo ikaanza Operesheni Linda Boni. Tangu hapo kila mtu wa upande huu anajua kwamba gizani mwenye bunduki hana namna ya kutambua kwamba unatoka harusini. Na kuna njia ambazo zimewahi kutegwa mabomu. Wakati wa kafyu tulijifunza kitu kimoja: jua likizama, ulipo ndipo unapolala.

MAMA: Kwa hiyo mnaniambia binti yangu wa miaka 16 alale nje? Mnajua watu watasema nini?

MUUGUZI: Nje wapi? Ni harusi ya jamaa. Kuna nyumba ya habaryar, mama yake mdogo, hatua mia mbili kutoka kwenye turubai. Wewe ulipokuwa msichana hukulala kwenye harusi?

MAMA: Nililala. Tulilala kumi kwenye mkeka mmoja, shangazi mlangoni.

MUUGUZI: Basi mpe huo mkeka. Mimi ninachokipokea zahanati baada ya harusi ni magoti yaliyochunika, mkono uliovunjika, mguu uliochomwa na ekzosi ya pikipiki. Wote walikuwa wanakimbilia nyumbani. Waliolala harusini huja kwangu wakilalamika tumbo la nyama tu.

Hii, kwa maoni yangu, ndiyo roho ya mjadala wote. Ushauri wa mijini kwa mzazi ni mwepisi: mwambie mtoto akupigie, uende umchukue kwa gari, usimuulize kitu mpaka asubuhi. Ni ushauri mzuri sana kwa mwenye gari, lami na mtandao. Huku gari ni la wachache, mvua ikinyesha njia inafungwa kabisa, na mtandao wa simu hushika penye mti huu ukaachia penye mti ule. Kumwekea kijana saa ya kurudi bila kumpa namna salama ya kurudi ni kumsukuma barabarani saa mbaya kuliko zote. Mama ameweka sharti kwa mapenzi, na sharti hilo ndilo linalompandisha mwanawe kwenye pikipiki ya mtu asiyemjua.

Lakini kulala nako kunataka mpango. Binti analijua hilo kuliko wote.

BINTI: Tusiseme tu "atalala kwa habaryar". Harusi ina wageni mia. Habaryar mwenyewe yuko jikoni mpaka alfajiri. Nimewahi kuambiwa nitalala kwa fulani, nikafika nikakuta chumba kimejaa wanaume waliotoka mji wa Masalani. Mama angepiga simu mchana, akauliza nyumba gani, chumba kipi, nani analala na wasichana, ingetosha.

MAMA: Mchana, kabla mtandao haujalewa.

BINTI: Na mtu mmoja atajwe. Si "wamama wapo". Wamama wote wapo maana yake hakuna aliyepo.

MUUGUZI: Na kaka yake?

(Kimya.)

MUUGUZI: Nauliza. Tumezungumza nusu saa, msichana tumempatia mkeka, shangazi na simu ya mchana. Mvulana wa miaka 17 analala wapi?

MZEE: Mvulana ni mvulana. Analala popote.

MUUGUZI: Adeer, hapo "popote" ndipo ninapomwokota. Nyuma ya jenereta.

BODABODA: Ni kweli. Nyuma ya jenereta ndiko kila kitu kiliko, kwa sababu kelele zinafunika mazungumzo. Jaba la kutafuna linaanza jioni, la bei nafuu, muguka ya Embu. Mwenye hela anatafuna miraa ya Meru. Halafu kuna anayekuja na kuber, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, halafu kuna anayekuja na vidonge.

MAALIM: Na serikali iko wapi?

BODABODA: Serikali ipo, Maalim. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017, mbona inavutwa? Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, kaunti za jirani zikamfuata, mahakama ikasimamisha, wiki haikuisha. Kijana wa hapa hasubiri gazeti la serikali kujua atafune au asitafune.

MUUGUZI: Jaba peke yake litamnyima usingizi, litampandisha moyo mbio, litamfanya asile. Ninaloliogopa ni kinachokuja baadaye. Anatafuna usiku kucha, alfajiri anataka kulala hawezi, mwenzake anampa kidonge cha tramadol au bugizi, kile cha usingizi, kimshushe. Tramadol ni dawa ya maumivu, hospitalini tunaiandika kwa kipimo. Akimeza vinne bila kipimo, akachanganya na bugizi, pumzi inapungua. Anakoroma. Wenzake wanacheka, wanasema amelala hatimaye. Ule mkoromo si usingizi.

BODABODA: Sisi humwagia maji na kumnywesha maziwa.

MUUGUZI: Msimnyweshe chochote! Mtu asiyeamka ukimwita, maziwa yanaingia mapafuni. Mlaze ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke, mtu mmoja asimwache hata dakika, mwingine aje aniamshe au atafute gari la hospitali ya Masalani. Na mniambie alichomeza. Sitamuuliza mtu kwa nini. Nahitaji jina la kidonge tu.

BODABODA: Tatizo ni hapo. Anayejua jina la kidonge ndiye aliyekuja nacho. Atakimbia.

MUUGUZI: Ndiyo maana nawaambia akina baba: mkishamkuta mwanenu hajui aliko, fimbo isubiri. Mtoto anayejua atapigwa usiku huohuo hatamwita mtu kumsaidia mwenzake.

MAALIM: Hapo nakubali, na nakubali kwa dini. Kuokoa nafsi kunatangulia adabu. Ila msinitake niseme adabu isifuate.

MUUGUZI: Ifuate Jumapili.

MAALIM: Basi na mimi niseme langu. Dugsi yangu iko karibu na pale. Ina mikeka, ina taa ya sola. Wavulana wanaotaka kulala, waje. Sitauliza nani katafuna nini. Nitawaamsha alfajiri kuswali, hilo sitaliacha.

BODABODA: Watakuja wangapi, Maalim?

MAALIM: Akija mmoja, huyo hayuko nyuma ya jenereta.

Hapa ndipo Maalim aliponishinda. Nilimtarajia aendelee kukataza mpaka mwisho, na kukataza ni kazi rahisi: haihitaji mkeka wala taa. Tumeona polisi nao wakikataza. Novemba 2020, wanafunzi wengi wakiwa bado nyumbani kwa ajili ya Korona, polisi wa Nairobi walivamia nyumba moja mtaa wa Mountain View wakakamata matineja 44. Habari ikaenea nchi nzima, watu wakacheka, wengine wakalaani malezi. Na Agosti 2015 basi lililobeba wanafunzi 45 kutoka upande wa Karatina kwenda Nairobi lilisimamishwa Kirinyaga, ndani kukiwa na pombe na bangi. Mara zote mbili taifa lilizungumza wiki nzima kuhusu aibu. Sikumbuki mzazi yeyote akiulizwa hadharani mwanawe alitarajiwa kufikaje nyumbani, na nani alimtuma safari ndefu bila mtu mzima.

Kuna suala la simu, nalo nitalipitisha haraka kwa kuwa wanawake wenyewe wameshalitatua. Buraanbur ni ya wanawake. Wasichana huvua mitandio, huingia kwenye duara mmoja mmoja wakacheza. Msichana mmoja akirekodi, asubuhi video iko TikTok na wavulana wanaitazama nyuma ya jenereta ileile. Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inamtisha anayesambaza picha chafu au za faragha za mtu kwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili. Sina hakika video ya msichana anayecheza amevaa gauni la dirac itaingia humo. Dawa yao ni beseni: mama mmoja akae mlangoni na beseni, kila simu iingie beseni, irudishwe wakati wa kutoka.

Lililobaki ndilo zito. Mama ndiye aliyelianzisha, akishusha sauti.

MAMA: Na likitokea lile tusilolitaja?

MZEE: Likitokea, kuna wazee. Maslaha, usuluhishi wetu wa jadi, ipo kwa sababu hiyo.

MUUGUZI: Adeer, tafadhali.

MZEE: Nisikilizeni kwanza. Ukimpeleka msichana kituo cha polisi, kesi itakwenda mjini. Atasimulia mbele ya askari, atasimulia mbele ya daktari, atasimulia mbele ya wakili anayemcheka. Mwaka unapita. Shahidi amehama na mifugo. Wakati huo koo mbili zimeshika silaha. Sisi tunakaa chini ya mti siku mbili, ngamia wanalipwa, damu haimwagiki. Na si uhuni, Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha.

MUUGUZI: Endelea kusoma kifungu hichohicho, adeer. Ibara ndogo ya tatu inasema njia za jadi zisitumike kuvunja haki za mtu wala kwenda kinyume cha sheria iliyoandikwa. Na sheria imeandikwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40: uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi haukuwekwa mkononi mwa familia wala polisi, aliachiwa Mwanasheria Mkuu, na sasa mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mti wenu haumo.

MZEE: Karatasi haizuii koo kupigana.

MUUGUZI: Basi niache karatasi. Niseme saa. Imetokea Ijumaa usiku. Kuna dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi, lazima aianze ndani ya saa 72, na kila saa anayochelewa inapunguza faida. Kuna dawa ya kuzuia mimba, ndani ya siku tano. Asioge kabla sijamwona, nguo zake zisifuliwe. Wazee wenu wanakaa lini chini ya mti? Wakishakusanyika kutoka malishoni: Jumanne, Jumatano. Saa 72 zimekwisha Jumatatu usiku.

(Mzee hajibu.)

MUUGUZI: Na ngamia wanalipwa nani? Baba. Msichana anapata nini? Anapata kumwona yule kijana kwenye harusi inayofuata, nyuma ya jenereta.

BINTI: Au anaambiwa aolewe naye.

MAMA: Au anaambiwa aolewe naye, kweli. Na hajafika miaka 18.

MZEE: Nyote mnanitazama kama mimi ndiye niliyefanya. Niseme hivi. Akiletwa kwako kwanza, mimi sitamzuia. Wazee wakae baadaye, wazungumze kuhusu amani kati ya koo, si kuhusu msichana. Hilo naweza kulisema mbele ya wenzangu. Sijui kama watanisikia.

Hofu ya Mzee si ya bure. Aliyeishi eneo hili anajua koo zikigombana kisima hufungwa na watoto hawaendi shule. Lakini amani inayonunuliwa kwa kumfungia msichana mdomo ni amani ya watu wengine. Namshukuru kwa alichokubali, na namdai kilichobaki. Aende kuyasema hayo mbele ya wenzake kabla harusi haijafungwa, si baada ya msichana kulia.

MAMA: Nimesikia. Lakini nataka kumuuliza binti yangu jambo moja mbele yenu. Ukipatwa na neno, utaniambia mimi kwanza?

BINTI: Sijui, Hooyo. Ukishaniambia dakika moja ikizidi nisikulaumu, nitamwambia nani?

MAMA: Nimeiondoa hiyo saa tatu.

BINTI: Umeiondoa leo. Nitajua Ijumaa.

Nikiulizwa uamuzi wangu, ni huu: waende, wote wawili. Wasirudi usiku. Msichana alale kwenye chumba kilichotajwa, na mwanamke aliyetajwa. Mvulana alale kwenye dugsi ya Maalim, hata akinuna. Mzazi apige simu ya mchana mwenyewe, asimwachie mtoto kazi ya kujipangia mlinzi. Na neno la mwisho kabla hawajaondoka lisiwe "ole wako". Liwe jina la mtu wa kumwendea pale pale harusini mambo yakiharibika, kwa sababu mama yuko kilomita nyingi na mtandao umekata.

Kuna namba tatu zisizotozwa pesa. 116 ni ya watoto. 1195 ni ya mtu aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia. 1192 ni ya NACADA, kwa mambo ya dawa za kulevya. Ziandikeni kwenye kipande cha karatasi mkiweke kwenye mfuko wa nguo ya kijana. Msiziweke kwenye simu yake peke yake. Usiku wa harusi, betri ya simu haifiki saa sita.